Mazuku ya Umbilo

Benchi liko Umbilo Road, mbele ya duka la simu la Blaise, chini ya jengo la fleti ambalo lifti yake hakuna anayekumbuka kuiona ikitembea. Juzi theluji ilianguka kwenye milima ya Drakensberg, na upepo wake ukashuka hadi Durban, mji ambao watu wake hununua hita Juni na kuisahau Agosti. Fleti zote ziliwasha hita kwa pamoja, umeme wa jengo zima ukakatika, na haujarudi. Honoré, ambaye kijiweni huitwa Volkano kwa kuwa ni mtu wa Goma, alishuka kutoka ghorofa ya tatu akiwa amevaa koti juu ya koti. Mkewe Antoinette na binti yao Peguy walikuwa wameamka tena na maumivu ya kichwa.

— Iko baridi ya masikio, alisema Blaise, akimimina kahawa kutoka kwenye chupa. Yeye huitwa Chaja, maana hutengeneza simu za watu na yake daima imezima. — Inaingia kwa masikio, inafika kwa kichwa, inakosa mulango ya kutokea. Umuvalishe Antoinette kofia.

— Analala na kofia. Na foulard ya kufunga kichwa juu ya kofia.

— Basi ni ile kofia inabana.

Zephaniah alikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Ni Mkenya, jina lake la kijiweni ni Tisisi, kwa sababu tisisi yake, yaani tasnifu ya chuo, imekaribia kuisha tangu wamjue.

— Wewe Volkano, si ulinunua kitanda cha ghorofa?

— Ndiyo. Antoinette na mutoto wanalala juu.

— Umeona sasa. Huo ni mwinuko. Fleti ni ghorofa ya tatu, kitanda ni ghorofa ya nne. Wakimbiaji wa kwetu huzoea polepole, wewe umempandisha mama ghafla.

— Antoinette amezaliwa Goma. Goma yote iko juu.

— Ameshakaa pwani. Damu imesahau.

— Ao ni umeme, alisema Blaise. Pale inakatika, ile yenye ilikuwa njiani inaenda wapi? Inabakia ndani ya ukuta. Na kitanda ni ya chuma.

— Ya mbao.

— Na misumari je?

Honoré alicheka. Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Jambo la hatari alikuwa amelifikiria mapema.

— Nyinyi hamujue moto. Miye niliweka mbabula ndani.

— Jiko la makaa? Ndani ya nyumba? aliuliza Zephaniah.

— Makala ya kuwaka muzuri, moshi hakuna hata kidogo. Dirisha nikafunga na scotch, ile utepe ya kunata, upepo isiingie. Sikia, Tisisi. Kule Goma tuko na mazuku. Hewa mubaya inatoka kwa udongo, haionekane, hainuke. Mbuzi ikilala ndani ya shimo, asubuhi imekufa. Muntu mukubwa anapita pale pale wima, hana kitu. Ju gani? Hewa mubaya inalala chini. Sasa muke na mutoto niliweka juu kabisa, karibu na plafond. Miye ndiye ninalala chini na matelas, kwa mulango.

— Hiyo ni sayansi, alisema Blaise.

— Hiyo ni akili, alisema Zephaniah. Mimi ningeiandika.

— Na mbele ya kushuka nimewaongezea makala. Leo ni Samedi, masomo hakuna, walale na joto.

Pembeni alisimama Nkatha, Mkenya aliyehamia jengo hilo majuzi, akingoja Blaise ambadilishie kioo cha simu.

— Samahani, baba Peguy. Wewe unalala chini?

— Chini.

— Na kichwa hakikuumi?

— Hata. Miye niko muzima.

— Sasa kama hewa mbaya iko chini, mbona wanaoumwa ni wa juu?



— Ju ya... alianza Honoré.

Aliukumbuka ufa wa chini ya mlango, ambao upepo wake ulimkata mgongo usiku kucha huku akiulaani; kumbe ndio uliomletea hewa safi. Akamkumbuka Antoinette akisema huko juu joto ni tamu. Joto la mbabula lilikuwa linapanda, na chochote kilichotoka kwenye mbabula kilipanda nalo. Alikuwa amewalaza pale pale linapokwenda.

Alimpigia Antoinette simu. Iliita mpaka ikakatika.

Ngazi alizipanda bila kujua nani yuko nyuma yake. Chumbani hakukuwa na moshi. Hakukuwa na harufu. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri. Alimwita Antoinette, akamtikisa, naye akatoa sauti isiyokuwa neno. Zephaniah alivuta dirisha, scotch ikagoma, akavunja kioo kwa kigoda. Honoré alimbeba mkewe mgongoni, Zephaniah akambeba mtoto.

Nkatha alikuwa ameshaita ambulensi kwa simu ya mpita njia. Walimlaza Antoinette kwenye benchi, ubavu. Alitapika, akavuta pumzi, akatapika tena. Alijaribu kuushika mkono wa Honoré, vidole vikakataa kufunga.

— Usilale, mama, alisema Nkatha. Niangalie mimi. Wako njiani.

Blaise alisimama na chupa ya kahawa mkononi, asijue pa kuiweka. Peguy, ndani ya koti la Zephaniah, alilia kidogo kisha akanyamaza. Aliwatazama wanaume wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

— Papa, leo tutalala juu ao chini?

Honoré alimtazama Blaise. Blaise alimtazama Zephaniah. Zephaniah alikuwa anatazama ghorofa ya tatu, pale dirisha lilipovunjika, pazia likivutwa ndani na upepo.