Ukoo wa Ndege wa Siafu

Alasiri, kwenye baraza ya Barka muuza kahawa, Yasir alikuwa akitafuta jina la ndege. Mji mzima wa Amu humwita Kapteni, ingawa miaka kumi na tisa melini alikuwa akikaanga vitunguu. Mwezi uliopita alikwenda na bintiye Zahra kwenye harusi ya mwenzake wa melini huko Kakamega, wakaingia msitu wa mvua, akamwona ndege mmoja. Aliporudi alijisifu hadi Bi Mueni, mwalimu wa Zahra, akamwalika kesho akawaeleze wanafunzi. Zahra amemwomba jambo moja tu: asimwaibishe. Na jina la ndege hana.

— Mgongo wa kahawia, kifua cheupe, alisema Yasir. Hukaa chini, penye siafu.

— Hula siafu? aliuliza Barka.

— Siafu wakipita, panzi na mende hutoka mbio. Yeye huwangoja mbele, awadake.

Husseini, aitwaye Waziri kwa sababu hajaonekana akifanya kazi, aliweka kikombe chini. Kwake yeye, kiumbe hutambuliwa kwa kuulizwa kwao ni wapi, kama watu wote wa nti hii ya Amu.

— Huyo kwao Pate, alisema.

Barka, ambaye mamake ni wa kisiwa hicho cha Pate, alikataa kwa utulivu. Mtu wa Pate hulima. Anayengoja kukimbiziwa chakula ni jirani ya Waziri, kama si Waziri mwenyewe.

Waziri hakuudhika. Alisema basi ndege ana cheo, na siafu ni askari wake. Barka akaona siafu ni mifugo yake. Kufikia kikombe cha tatu walikuwa wamemwoza mke kijijini Kipungani na kumnyima urithi, na Yasir ameandika yote kiganjani.

Ndipo Bi Mueni akapita na madaftari kwapani, akasalimu, akasikiliza kidogo.

— Mlio wake ukoje, Bwana Yasir? Msituni mara nyingi husikika kabla ya kuonekana.

Yasir alijaribu kukumbuka. Siku ile msituni Zahra aliwaona siafu mapema akakimbia. Yeye alibaki amemkodolea macho ndege, amesimama katikati ya msafara, nao wakampanda ndani ya suruali mpaka kiunoni. Kuanzia hapo hakuna ndege aliyesikika.

— Mwalimu, mlio niliousikia ni wangu tu.

— Huo tunao, alisema Bi Mueni. Zahra alituigizia Jumatatu. Darasa zima linataka kuusikia kwa mwenyewe.