Posa Iliyopita kwenye Simu

Bwana Administrateri wa komini yetu, masheikh na wachungaji, wakubwa wa soko, mama zangu wa mawese, na jirani zetu mliovuka kutoka Uvira: amahoro. Mimi ni Biasha, muuza mawese wa hapa Rumonge. Leo mnivumilie, furaha imenipanda kichwani.

Tumekuja kufungua kabini ya Mardochée, yenye simu na kompyuta. Wapo wanaouliza, wakati huu wa vita, watu wanalala porini, kompyuta ya nini? Nitawajibu kwa posa ya binti yangu Esha.

Wakwe walikuwa Buyenzi, kule Bujumbura, sisi hapa, na katikati magari yanachomwa moto. Posa ikaahirishwa mpaka nikaogopa itavunjika. Ndipo Mardochée akatuletea simu yake yenye kipaza sauti. Kaka yangu Nuhu, msemaji wetu, akaiweka juu ya mto wa wageni, akaisalimia kwa heshima zote, akataja mahari. Simu kimya. Ninyi mnazijua posa zetu: mkwe akinyamaza, hajaridhika. Nuhu akashusha. Kimya. Akashusha tena, jasho linamtoka, mpaka nikamvuta kanzu.

Kumbe rezo, mtandao wa simu, ilikuwa imekatika zamani! Iliporudi, mzee Abdulhamid, msemaji wa wakwe, akasema kwa upole, "Ile mahari yenu ya kwanza tumeikubali. Mbona mumenyamaza hivyo, tumewakosea?"

Nuhu, usijifiche nyuma ya sheikh, nimekuona.

Basi, Bwana Administrateri, ukipeleka ripoti Bujumbura, waambie rezo ya kubahatisha haitoshi. Tunataka mpango wa nchi nzima wa kufanya biashara kwa simu na kompyuta: minara, umeme, watoto wafundishwe shuleni, kuanzia Minago mpaka Kabonga, na kule Bugarama wasisahauliwe. Mvuvi ajue bei ya ndagala kabla ya kupakia. Mama ajue kama barabara iko salama kabla ya kupanda gari. Au tungoje vita viishe? Mbona vyenyewe havikutungoja?

Esha alipita ziwani kwenda kwa mumewe, na tangu siku ile sijamuona. Leo asubuhi, kabla hamjafika, simu ya humu ndani ililia. Esha amejifungua mutoto wa kike! Wakamsogeza karibu na simu, nikamsikia analia kwa nguvu zake zote, nami nikamwambia, lia mama, bibi yako nakusikia. Halafu rezo ikakatika, sijauliza hata jina lake.

Murakoze sana kwa kunisikiliza. Sasa mukate utepe, nikampigie.