Redio kwa Redio

Ndani ya basi la kutoka Xintang, kwenye viwanda vya nguo China, Felisia, muuza jinzi wa Moshi, alitega sikio. Nyuma yake Wakenya wawili walibishana juu ya waimbaji wa Uingereza utadhani wamewazaa wao.

“Mumbua, Waingereza kwao wafalme, mbona Marekani hawavumi?”

“Wanatua wiki moja, wanaondoka. Mmarekani anataka umfuate mji kwa mji, redio kwa redio, umpe mkono.”

“Wapi! Nyimbo zao baridi tu.”

Felisia aliduwaa. Jinzi zake zilipododa Singida alimshuku jirani kwa uchawi, akafunga na kuomba siku saba. Kumbe kosa ni lake: mzigo wa Singida huutuma kwa basi, mwenyewe hajawahi kukanyaga huko.

Basi likasimama kituo cha Zhongda. “Asanteni sana, ndugu zangu,” aliwaambia akishuka.

“Kwa lipi, dada?”

“Mmenirudishia jirani yangu.”