Mlango wa Ludovina

Padre Severino, viongozi na wanachama wa chama cha mtaa wa Kawayanan, majirani wa huku na wa ng'ambo ya kijito, ndugu na marafiki mliokesha nasi tangu Jumapili, familia inaomba mkae kitako kidogo, msikie habari za mpendwa wetu kwa mara ya mwisho kabla hatujamsindikiza.

Marehemu Remedios Dimaculangan Magsino, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa heshima Aling Meding, yaani Bi Meding, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Kawayanan, mjini San Elias, mkoa wa Laguna, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Hermogenes Dimaculangan, mkwezi wa minazi, na mkewe Basilisa, na miaka minne baadaye akafuatiwa na mdogo wake, Ludovina, ambaye yupo hapa mbele yetu. Hawakuzaliwa wengine, kwa hiyo wawili hao walilala kitanda kimoja na kuvaa gauni moja la kanisani kwa zamu, na ugomvi wa zamu ya nani ulisikika hadi kwenye kijito.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa kuanzia mwaka 1956, akamaliza sekondari Machi 1966, na mwaka uliofuata akaajiriwa na duka la kushona sare za shule pale sokoni, alikofanya kazi hadi Mei 1975, alipoweka cherehani yake mwenyewe ukumbini. Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa katika kanisa hili na Crisanto Magsino, fundi mitambo wa kiwanda cha barafu, na wakajaliwa watoto wawili, Eufemia, aliyezaliwa mwaka 1973, ambaye ni muuguzi na amewasili jana kutoka Dubai, na Rolando, wa mwaka 1976, fundi umeme. Mzee Crisanto alimtangulia tarehe 2 Juni 2011.

Chama cha mtaa kilipoundwa mwaka 1983 marehemu alikuwa katibu wake, na kuanzia 1989 hadi 2019 alikuwa mwenyekiti, na wengi wenu mnajua kwamba kwake mwaka ulianza Septemba, nyimbo za Krismasi zinapoanza kusikika redioni, maana siku hiyo hiyo alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mianzi ya taa za nyota imekatwa au bado. Alisimamia uzibuaji wa mitaro kabla ya Misa za alfajiri, akagawa zamu za kupika wali wa kunata kwa watu watokao kanisani na njaa, na alipokuta mtu ametundika nyota ya plastiki ya dukani alisimama chini yake, akamwita mwenye nyumba kwa jina lake kamili, akamwuliza, "Hiyo uliitengeneza kwa mikono ipi, baba?"

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa matembezi ya mkesha wa Krismasi, pale Maria na Yosefu wanapobisha hodi kwenye nyumba tatu kuomba mahali pa kulala, wakakataliwa kote kwa wimbo, hadi wapokewe kanisani. Nyumba ya kukataa ni heshima kubwa hapa kwetu, kwa kuwa umati husimama mlangoni pako, na mwenye nyumba ana ruhusa ya kutia maneno yake mwenyewe katikati ya beti, kisha hufunga mlango na kuwafuata wageni wake nyuma hadi kanisani. Marehemu ndiye aliyechagua nyumba hizo kila mwaka, na kwa miaka kumi na mitatu hakuichagua ya mdogo wake.

Sababu yake inajulikana, na marehemu mwenyewe aliagiza isomwe. Mama yao Basilisa aliishi kwa Ludovina, na alipopooza upande mmoja, Agosti 1991, marehemu alikuja na gari la kiwanda cha barafu wakati Ludovina yuko sokoni akiuza samaki, akampakia mama pamoja na kitanda chake, akampeleka kwake, umbali wa nyumba tano, akiamini kwamba yeye ndiye mkubwa na neno lake linatosha. Mama alifariki huko tarehe 9 Oktoba mwaka ule ule, na tangu siku ya mazishi dada hawa hawakusemeshana, kila mmoja akivuka barabara anapomwona mwenzake, na katika mikutano ya chama Ludovina alimwambia jirani wa kando, "Mwambie mwenyekiti kwamba mtaro wa kwangu umeziba," ilhali mwenyekiti amekaa mbele yake.

Desemba 2004 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Tarehe 21 nyumba ya mzee wetu Mang Teban, iliyozoea kuwa ya tatu kukataa, ilifiwa na bibi, na kwa desturi yetu nyumba yenye msiba haikatai mgeni, na nyumba nyingine pekee yenye baraza pana katika njia ile ilikuwa ya Ludovina. Katika kikao cha chama wote walimtazama mwenyekiti, hadi akasema, "Mnaniangalia nini? Nendeni mkamwombe," nao wakaenda, na Ludovina akakubali upesi mno, jambo lililowatia watu wasiwasi. Tarehe 23 binti aliyekuwa awe Maria akashikwa na matubwitubwi, na aliyejua beti zote kwa moyo alikuwa mmoja tu, hivyo marehemu, mwenye miaka hamsini na mitano na miwani, akajifunga kitambaa cha buluu, na Mang Doming muuza nyama, aliyekuwa Yosefu, akamshika mkono akisema, "Twende taratibu, Maria wangu, nisije nikakubeba wewe na mimba."

Marehemu alisimulia baadaye kwamba nyumba mbili za kwanza hakuzikumbuka hata kidogo, maana alikuwa akiihesabu njia ya kufika ya tatu. Alipoimba ubeti wa kwanza, Ludovina alifungua mlango akiwa na aproni, akajibu kwa sauti ile ile ya kwaya, kisha akatia maneno yake, "Nyumba imejaa, bibi, tena ungekuja na kitanda chako, si huwa unatembea nacho?" Watu wakacheka hadi mishumaa ikazimika. Marehemu akaimba ubeti wa pili, Ludovina akajibu, "Mimi nilikuwa na mgeni mmoja tu humu, nilimwogesha, nilimlisha, nikaenda sokoni, niliporudi nikakuta alama za miguu minne ya kitanda sakafuni. Nani alinibishia hodi siku ile?" Hapo hakucheka mtu, na Mang Doming akajaribu kumvuta Maria waondoke, naye akaukataa mkono wake.

Ubeti wa tatu marehemu hakuuimba. Alivua miwani, akasema, "Sikubisha, Ludovina. Nilipaswa kubisha. Leo nabisha."

Mtaa mzima ulimngoja Ludovina, maana wapo waliotaka amfungulie na wapo waliotaka amtukane, naye akauimba ubeti wa kukataa mpaka neno la mwisho, bila kukosea, machozi yakimtoka, na akaongeza, "Mahali hapa hakuna, Dada. Tangulia kanisani, nakuja." Akafunga mlango kama desturi inavyotaka, akatokea mlango wa jikoni akiwa bado na aproni, akafuata nyuma ya umati, na kanisani akakaa benchi moja na dada yake, ambako wamekaa tangu siku ile.

Marehemu alianza kuugua figo Februari 2021, akawa akisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, Ludovina akimsindikiza kila safari, na alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 17 Desemba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, akiacha watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Padre Severino aliyemletea komunyo kitandani, majirani waliopika na kukesha, mafundi cherehani wenzake wa sokoni, na chama cha mtaa, ambacho kwa heshima kilitaka kuahirisha matembezi ya Jumapili hii. Tunaomba yasiahirishwe. Marehemu alijua desturi ya nyumba yenye msiba kuliko yeyote kati yetu, na bado aliagiza kwamba nyumba ya tatu mwaka huu iwe yake, na Ludovina asimame mlangoni akatae, "na akikosea ubeti nitamsikia." Ludovina amekubali. Jumapili jioni mtabisha hodi, mtakataliwa kwa sauti kubwa, mlango utafungwa, na sisi sote wa nyumba hiyo tutatokea jikoni na kuwafuata.

Tangulia, Aling Meding, upumzike kwa amani. Tunakuja.