Risasi Alizozikataa Kipimo

Ndugu, majirani na wote mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kama yalivyokuwa, yote, hata yale ambayo wengine waliokaa viti vya mbele wangependa niyaruke.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa pili kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara hadi mwaka 1972, akajifunza ufundi wa vyuma, na tarehe 3 Juni 1979 akaajiriwa na kampuni ya uwindaji kuwa fundi bunduki, ambako walimbandika jina la Kipimo, kwa sababu hakuna risasi iliyotoka stoo bila kupita kwenye mizani yake, na nyumbani hata chumvi aliipima, shemeji ni shahidi. Huyo shemeji, mshonaji, alimuoa tarehe 6 Desemba 1984, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Kuna watu wanasema alizichukia bunduki za zamani. Ni uongo. Zile kubwa za mitutu miwili alizipenda kuliko alivyotupenda baadhi yetu, akisema risasi ya bunduki hizo, nene kama kidole gumba, ikijazwa baruti mpya inamsimamisha nyati akiwa mbioni, ila ikishakaa miaka sitini ni pambo la kabatini.

Agosti 2009 alikuja mgeni na bunduki ya babu yake, pamoja na boksi la risasi za enzi hizo, akitaka kuwindia hizo hizo. Tarehe 17 kaka alijaribu tatu, moja haikulia, ya pili ilichelewa, ya tatu ganda lake la shaba lilipasuka shingoni, akaandika kwenye daftari la stoo, "Hazifai kuwindia," akagoma kusaini zitoke. Mkurugenzi wa kampuni akamwambia mbele ya wenzake, "Mgeni hajasafiri kote huku aje kufundishwa na wewe," kisha akazitoa stoo mwenyewe kwa ufunguo wa akiba.

Tarehe 19, saa tatu asubuhi, kaka akiwa ametumwa porini na mgeni yule, nyati alichomoka kichakani hatua ishirini mbele yao, mgeni akavuta kifyatulio cha kwanza, kimya, akavuta cha pili, ikatoka risasi dhaifu iliyoishia kwenye nyama ya bega, mgeni akatimua mbio, na kaka yetu, aliyebeba bunduki ya akiba, akasimama palepale akampiga yule nyati paji la uso, wakaanguka pamoja, nyonga ya kaka ikavunjika.

Ripoti ya kampuni ilisema fundi alizembea kukagua risasi. Alizembea! Ukurasa wa tarehe 17 haukuonekana tena, akaachishwa kazi akiwa kitandani, akatembea kwa magongo miaka kumi na moja, akiandika barua zisizojibiwa huku mfupa ukioza taratibu, hadi tarehe 2 Mei 2021, saa kumi jioni, alipokata roho wodini, mkewe ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya mifupa, majirani mliombeba mgongoni ngazi zilipomshinda, na wenzake wawili wa stoo, ambao jana walikuja kukiri kwa shemeji kwamba walimwona mkurugenzi akiuchana ule ukurasa, wakasaini maneno yao, na karatasi hiyo kesho inakwenda mahakamani. Mkurugenzi, shada lako tumeliona. Shukrani yako hatuna.

Pumzika kwa amani, kaka. Sisi bado.