Mlango Mmoja wa Nyumba ya Ngonga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliosimama nje dirishani kwa sababu mabenchi yamejaa, Bwana asifiwe huko huko mlipo. Mugonile, nawasalimu, wazee wenzangu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Baba Gwamaka, mzee wa kanisa hili tangu paa lake lilipokuwa la nyasi. Nimesimama hapa mbele mara nyingi kusoma matangazo na kuongoza maombi. Leo sina matangazo. Nimekuja kusema mbele yenu jinsi Mungu alivyonitoa katika kifungo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiita adabu.

Mnaukumbuka mwaka ule mto ulipoacha njia yake ukapita mashambani kwetu. Mke wangu alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini. Maji yalikaa ndani ya nyumba yangu siku tatu, matofali mabichi yakalainika, na asubuhi ya siku ya nne ukuta wa mbele ukalala chini taratibu kabisa, kama mtu aliyechoka. Mpunga wote ulikwenda. Nilitoka na begi la nguo na mtungi wa maji wa marehemu, ule alioununua kwa akina mama wafinyanzi wa Kikisi pale sokoni Mwaya. Nikaufunga mtungi huo kwenye blanketi, nikasema hautafunguliwa mpaka nipate mahali ninapoweza kupaita kwangu. Nilidhani ni suala la wiki chache. Ndugu zangu, ilikuwa karibu miaka miwili!

Nina wana wawili, na wote waliniita. Mkubwa, Gwamaka, alikuwa Mbeya. Mdogo, Lusajo, yuko Dodoma, ni fundi umeme. Mtu mwenye wana wawili wanaomwita amekosaje mahali pa kukaa? Vijana, wengine wenu hamkukulia katika jambo hili, kwa hiyo nalieleza. Kwa wazee wetu, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mke wa mwanangu hanitazami usoni, hataji jina langu, hapiti njia ninayopita. Nami nikikaribia nyumba yake nakohoa, ili asikie ajifiche. Zamani halikuwa jambo gumu, maana baba alikuwa na nyumba yake na wana walijenga mbali. Lakini mjini, nyumba ya kupanga ina vyumba viwili na sebule! Nani atamkimbia nani, na akimbilie wapi?

Nilianza na Mbeya. Mke wa Gwamaka ni Atupele, binti wa kutoka Busale, aliyelelewa vizuri na wazazi wanaomcha Mungu. Aliishika desturi kwa moyo wote. Nikikaa sebuleni, alizunguka nje kwenda jikoni. Chakula nililetewa na mwanangu, na Gwamaka asipokuwepo nilikikuta mezani kimefunikwa, bila kujua kilifikaje. Nilijisifu, ndugu zangu. Niliwaambia wazee wa huko kwamba nina mkamwana wa mfano.

Siku moja ya mvua na baridi nilirudi mapema kutoka kwenye maombi. Nikakohoa getini kama kawaida, nikaingia, nikakaa sebuleni nikiota moto wa jiko la mkaa. Nilikaa karibu saa nzima. Kesho yake mama mmoja jirani, mtu wa maneno makali, alinisimamisha njiani. Akaniambia kwamba kikohozi changu kilimtoa Atupele kwa mlango wa nyuma akiwa na mtoto mchanga mgongoni, naye alisimama nyuma ya ukuta wa jirani akinyeshewa muda wote huo.

“Babu,” akasema, “hicho kikohozi chako kanywee dawa. Kitamuua mtu asiyekohoa.”

Nilipaswa kurudi nyumbani nikamwite Atupele, tukae, tuzungumze. Sikufanya hivyo. Nilifunga begi langu. Nilijiambia kwamba naondoka kwa kumhurumia, na kweli nilimhurumia, lakini niliona ni rahisi zaidi kuihama nyumba kuliko kuihamisha desturi moyoni mwangu.

Nikaenda Iringa kwa rafiki yangu wa zamani, tuliyesoma naye mafundisho ya uinjilisti tukiwa vijana. Nyumba yake ilikuwa imejaa wajukuu, nami nikalala kwenye kochi. Baada ya wiki tatu nikasema nimepona huzuni, nikarudi Mbeya. Baada ya mwezi, Iringa tena. Kisha chumba cha kupanga Uyole, peke yangu, ambako niliugua nikakosa hata wa kunipa maji. Kondakta mmoja wa njia ile alinizoea. Aliponiona napanda na mtungi wangu wa blanketi mapajani alinitania, “Mzee, wewe serikali imekuajiri ukague lami?” Abiria walicheka, nami nikacheka nao. Basi lilipoondoka niligeukia dirishani, maana machozi yalikuwa yanakuja. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na moja, nami sikujua mwili wangu utatolewa mlango gani siku nitakapokufa.

Ndipo Lusajo akaja mwenyewe kunichukua. Akasema, “Tata, baba yangu, twende Dodoma. Yunisi anakusubiri.”

Yunisi ni mke wake, Mgogo, ambaye hajui lolote katika habari hizi zetu. Siku niliyofika alitoka mbio mpaka getini, akapiga magoti, akanyoosha mikono anipokee mtungi. Nami nikageuza uso, nikautazama ukuta! Nikampita bila kumpa mkono. Alileta chai, nikakaa nimempa mgongo mpaka alipotoka. Alisalimu, nikaitikia nikitazama dari. Nilimwambia Lusajo amweleze mkewe. Lusajo alisema atamweleza, kisha akaona aibu, akanyamaza. Sikumuuliza tena. Mimi niliyewafundisha wengi hapa kwamba upendo una maneno, nilikaa miezi minne ndani ya nyumba ya binti yule bila kumwambia hata neno moja la kwa nini. Nilimsikia akilia jikoni mara mbili. Nikaanza tena kuyapanga mashati yangu kwenye begi.

Sasa sikilizeni matendo ya Bwana!

Ilikuwa adhuhuri. Lusajo alikuwa kwenye kazi nje ya mji. Niliingia bafuni kuoga, nikajifungia kwa komeo. Sabuni ilikuwa sakafuni nami sikuiona. Mguu uliteleza, nikaanguka, nikasikia kitu kimekatika kwenye paja. Kichwa kilipiga ukingo wa ndoo. Nikajaribu kuinuka, mguu haukunisikia.

Yunisi alikuja mbio mlangoni akaniita. Ndugu zangu, nitawaambia ukweli mbele za Mungu: sikumjibu. Nilijibana mdomo. Nilikuwa uchi sakafuni, damu inaingia jichoni, na hofu yangu kubwa haikuwa kufa. Hofu yangu ilikuwa mkamwana wangu asije akaniona. Alipoita mara ya nne ndipo nikasema asiingie, akatafute mwanamume. Akaenda. Akarudi akihema, akasema amezunguka mtaa wote na wanaume wote wamekwenda kazini, na kijana wa bajaji wa pale kona yuko mbali na abiria. Nikasema basi tumsubiri Lusajo. Lusajo alikuwa wa kurudi jioni! Nikaomba kwa sauti, nikimsihi Mungu alete mwanamume mmoja tu.

 Yunisi akasema, taratibu, akiwa ameuegemea ule mlango.

“Baba, mimi baba yangu alikufa nikiwa darasa la pili. Mwingine hatanifia kwa ajili ya komeo.”

Nikasikia hatua zake zikienda jikoni na kurudi. Alikuwa ameleta mchi wa kinu. Alipiga mara tatu, komeo likaruka. Nikafumba macho, nikangoja aibu inipate.

Aibu haikuja. Nilipofumbua macho niliona mgongo! Yunisi alikuwa anaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika kanga mbili nyuma yake, zinamtangulia kuja kunifunika.

“Naingia kwa mgongo, Baba,” akasema. “Sikuoni.”

Ninyi mnaolijua Neno mmeshaona. Ile habari ya wana wawili wa kale waliotembea kinyumenyume kumfunika baba yao aliyelala uchi nimeifundisha kwenye mabenchi haya tangu ujana wangu. Nimewauliza watoto wa kipaimara maswali yake. Na siku ilipotendeka mbele yangu, iliyoitenda ni mikono ya binti niliyekataa kuishika! Nilikuwa nimeomba mwanamume, na Mungu alikuwa amekwisha kutuma mtu wake. Alikuwa ndani ya nyumba ile ile kwa miezi minne.

Alinifunika vizuri, bado amenipa mgongo. Akachuchumaa, akapitisha mikono nyuma ajaribu kuniinua. Maumivu yalinitoa ukelele. Akaacha. Akabaki amekaa pale kwenye maji, mgongo wake umegusa bega langu, na hakugeuka.

“Baba, hivi nitakuvunja zaidi. Niruhusu.”

Najua mnaweza kuliona jambo dogo. Kwangu lilikuwa kama kuvuka mto uliofurika. Nilimkumbuka Atupele nyuma ya ukuta, mvua ikimnyeshea. Nikamwambia Bwana, kama heshima yangu inahitaji watoto wa watu wanyeshewe na walie jikoni, basi niondolee heshima hiyo leo.

Nikasema, “Mwanangu, geuka.”

Akageuka. Nikamwona. Haleluya! Ana mwanya mbele, na kovu dogo kidevuni. Nilikuwa nimekula chakula cha mikono yake miezi minne bila kujua kwamba ana mwanya.

Alinifunga mguu kwa kanga na ubao wa kukatia mboga. Kijana wa bajaji alirudi, wakanibeba wawili. Hospitalini nilishonwa kichwa na mfupa ukawekewa chuma. Na Yunisi ndiye aliyeninywesha uji. Nilimuuliza siku moja alijuaje kuingia kwa mgongo. Akacheka, akasema alidhani namchukia kwa kuwa yeye ni Mgogo, mpaka alipoamua kumpigia simu Atupele, mke wa shemeji yake, akamuuliza amekosa nini. Atupele ndiye aliyemweleza. Tangu siku hiyo alikuwa anatandika mkeka na kupika akiangalia chini, akijifunza desturi yetu peke yake bila kuambiwa asante. Nililia pale kitandani, ndugu zangu, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama ni mguu.

Nikaomba simu. Nikampigia Atupele. Alipopokea nilisikia pumzi tu. Nikamwambia naomba msamaha kwa ile mvua. Nikamwambia kwamba nimemfungulia kifungo cha desturi ile, aseme nami, kama yeye anapenda. 

Kisha akasema, “Mugonile, Tata.”

Miaka kumi na moja ya ndoa yake, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu! Nikajibu, “Ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Ndaga fijo.” 

Lakini Bwana akishaanza haishii katikati. Gwamaka alimaliza mkataba wake Mbeya, akataka kurudi kulima. Wanangu wakajenga hapa Ngonga, pale kwenye mwinuko ambapo maji hayafiki. Fundi alipokuwa anapima msingi aliniuliza, kama ilivyo kawaida, mlango wangu wa pembeni uwe upande gani, nisije nikakutana na mkamwana. Nikamwambia aweke mlango mmoja. Akauliza mara ya pili, akidhani uzee umenizidi. Atupele alikuwa pale pale na ndoo ya maji ya zege kichwani. Akamwambia, “Fundi, umemsikia Tata. Mmoja.”

Siwaambii kwamba wazee wetu walikosea. Walitaka kulinda heshima ya nyumba, na nyumba isiyo na heshima ni gofu. Ila mimi nilikuwa nimeitoa heshima mahali pake nikaifanya ukuta, na nyuma ya ukuta huo nilimwacha binti wa watu, nikajiacha na mimi mwenyewe nikizunguka barabara za nchi hii bila kwangu. Kumbe kwangu palikuwa Mbeya. Kwangu palikuwa Dodoma. Kila mahali palikuwa na mtu aliyenipikia.

Leo Yunisi na Lusajo wamesafiri kutoka Dodoma kuja kushukuru pamoja nami. Mtazameni amekaa pale, benchi la tatu, kando ya Atupele, na nafasi iliyo kati yao ni yangu, nikimaliza ninakwenda kukaa. Mtungi wa marehemu umetoka kwenye blanketi. Uko barazani, Atupele anaujaza kila asubuhi, na mpita njia yeyote anakaribishwa maji.

Ndugu yangu, labda na wewe unazunguka. Labda umeikimbia nyumba ambayo haikukufukuza, kwa sababu ya neno moja ambalo hukutaka kulisema. Usingoje kuanguka kama mimi. Mtegemee Mungu, ulitamke. Huenda aliyetumwa kukuokoa yuko jikoni kwako sasa hivi, na anasubiri umruhusu ageuke. Mimi aliniinua nikiwa sakafuni, atashindwa nini kwako?

Mkinisindikiza leo mtasikia wenyewe. Nikifika nyumbani sikohoi. Nabisha hodi, na sauti kutoka ndani inaniambia, “Karibu, Tata.”

Sifa zote ni za Kyala, Mungu wetu. Amina.