Zamu ya Baba Baada ya Rozari

Acha vyombo hivyo, Sista, havina miguu, vitakungoja. Na wewe Kitinda njoo ukae huku upande wa dirishani nikuone, maana jicho la kushoto limestaafu kabla ya mwenyewe. Profesa, kaa. Najua kila tukianza mambo ya sala unakwenda kusimama kule kibarazani kuhesabu magari ya watu, lakini leo siongozi sala, leo naongea, kwa hiyo vuta kile kiti ukae, baba yangu. Nisikilizeni, wanangu watatu, mpaka mwisho na asinikatize mtu, kwa kuwa pumzi iliyobaki ni ya kupimia na sitaki kuimaliza kwa kujibu maswali.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii, vyumba vyake viwili na dari lake linalovuja, ni ya Kitinda, aliyebaki nami tangu mama yenu alipotutoka, akanilisha na kuniogesha bila kununa, na asitokee mtu wa kusema eti yeye ni wa mwisho. Cherehani ya mama yenu ni ya Sista, pamoja na ile sanamu ya Bikira Maria iliyokatika kidole. Sanduku langu la vifaa ni la Profesa, na hilo mwenyewe analijua. Miaka thelathini na nane nimetengeneza lifti za maofisi na za hospitali, nimepandisha watu ghorofani maelfu kwa maelfu, na sijui kama nimemfikisha hata mmoja mbinguni. Cheka, Kitinda, kucheka si dhambi.

Sasa mazito. Mnakumbuka tulivyoishi hapa: ghorofa ya nne, milango sita kwenye korido moja, na katika milango yote sita ni sisi peke yetu tuliokuwa tunasali. Majirani hawakuwa watu wabaya, la hasha, walituazima ngazi na chumvi na wengine walitulelea hata watoto. Ila kwao Jumapili ilikuwa siku ya kuosha gari na kulala mpaka jua liwachome, na walipotuona saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunashuka ngazi, viatu vimepigwa rangi, nywele zimelowa maji, walituonea huruma kana kwamba tumefiwa. Jumatano ile ya Majivu wenzenu shuleni walipoona majivu kwenye paji za nyuso zenu waliwauliza kama baba yenu amewapaka masizi. Sista akapigana, Profesa akaenda bombani akanawa uso, nami niliposikia nilinuna siku tatu. Mlidhani ni ukali. Wanangu, ilikuwa hofu. Niliona mji mzima unawavuta huko nje, na mimi huku ndani nina kamba moja tu, basi nikaikaza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami nikakunja, nikazidi kukunja, mifupa ikalia nisisikie.

Lakini jioni zetu, jamani! Hapo ndipo roho yangu inapokwenda kila nikifumba macho. Sote watano tumepiga magoti kwenye zulia hili, mama yenu anaongoza Rozari kwa sauti yake ya pua, Kitinda anasinzia kwenye fungu la tatu na kuamka kwenye la tano akijifanya alikuwepo muda wote, Sista anakimbiza Salamu Maria kama anachelewa basi. Kisha ile desturi yetu niliyoianzisha mimi mwenyewe, ambayo padre hakunifundisha wala sikuisoma popote: kuanzia mdogo kwenda kwa mkubwa, kila mtu anataja kosa moja alilowakosea wenzake siku hiyo, na sisi wengine tunamjibu, "Tumekusamehe." Kitinda alilamba sukari. Sista alimfinya Kitinda. Mama yenu alitusemesha vibaya kwa sababu ya uchovu. Ningekubali kurudi kwenye jioni moja tu kati ya hizo, hata ile mbaya, ilimradi nizisikie sauti zenu nne zikiwa chumba kimoja.

Na ile mbaya mnaijua. Profesa alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa ametengeneza lifti ya makasha ya viatu, ghorofa tano, inapanda na kushuka kwa mota aliyoichomoa kwenye feni mbovu, na maonyesho ya shule yakapangwa Jumapili asubuhi. Akaniomba ruhusa. Nikamwambia Mungu kwanza. Mwalimu wake alipopiga simu Jumamosi kuuliza kama atakuja, nilimjibu mimi, na hamjawahi kunisikia nikilitaja hili: nilimwambia mtoto ana homa. Nikampeleka Misa mzima wa afya, nikaketi naye benchi moja, nikapokea Komunyo na uongo wangu mdomoni. Na Misa ya jioni ilikuwepo! Nilikuwa nayo ratiba mfukoni.

Jioni hiyo ilipofika zamu yako, Profesa, ulisema, "Nimemchukia baba kanisani." Tukakujibu, nami nikiwemo, "Tumekusamehe." Mama yenu akasema la kwake. Mimi nikainua mkono nifunge kwa ishara ya msalaba, kama nilivyofunga kila siku, na wewe ukasema taratibu, bila ujeuri hata chembe, "Baba, bado zamu yako." Mwalimu alikuwa amepiga simu tena mchana ule akakuuliza habari za homa, ulijua kila kitu, ulikuwa unanifungulia mlango. Nikasema, "Baba hana zamu." Ukasimama, ukapangusa magoti, na ni miaka ishirini na sita leo magoti yako hayajagusa zulia hili.

Hujanitupa, hilo nalisema mbele ya nduguzo. Kila Jumapili mchana uko hapa, na dawa, na matunda, na bisibisi ukiona bawaba imelegea. Tunaongea habari za mvua. Tunaongea habari za bei ya vifaa. Jirani akiona anasema, mzee una bahati ya mtoto, nami naitikia, kumbe mwanangu yuko hatua mbili kutoka kitandani na namtamani kama mtu aliyevuka mipaka. Kuna kitu cha kukwambia ambacho kimenikaa kooni kuliko hata uongo wenyewe. Siku mbili kabla ya maonyesho, ulipokuwa shuleni, niliichungulia lifti yako. Breki yake ulikuwa umeiweka mahali palepale ambapo mimi fundi ningeiweka. Niliona fahari, mwanangu. Na ulipoishusha jalalani, kasha baada ya kasha, nilikuwa dirishani nakutazama, na sikushuka.

Mama yenu siku alipokuwa akienda alinishika ukosi akasema, "Mume wangu, chukua zamu yako." Nikamwambia kesho. Ndiyo mimi huyo.

Padre amekuja asubuhi, amenipaka mafuta, nimeungama, amenifungulia kwa upande wa Mungu. Upande wenu bado. Basi naichukua. Nilimdanganya mwalimu kwamba mwanangu ni mgonjwa. Nilimtumia Mungu kama fimbo. Nilipoulizwa na mtoto nikajificha nyuma ya ubaba. Nimewakosea ninyi watatu, na wewe Profesa kupita wote.

Hapana, Sista, nyamaza. Usinijibu. Lile jibu letu lilikuwa la wote kwa pamoja, na sitaki mtu mwingine avutwe na sauti yako kama mlivyozoea kuvutwa na yangu. Sikulisema ili nijibiwe. Nipe maji kidogo.

Nikizikwa, mniimbie Misa, mimi ni Mkatoliki na nitakufa Mkatoliki, na haya niliyosema hayageuzi hata nukta ya imani yangu. Lakini jeneza langu lisifanywe ndoano. Asitokee mtu wa kumwambia Profesa, "Mpokee Yesu leo kwa ajili ya marehemu." Akitaka kusimama nje ya kanisa, mmoja wenu akasimame naye asiwe peke yake. Sista, yale maneno uliyomwambia mwaka juzi, kwamba kutosali kwake ndiko kunakoniua, mwombe radhi kabla hamjaondoka hapa. Kinachoniua ni mapafu. Na mtoto wa Kitinda asibatizwe kwa siri kwenye beseni. Nakujua, Sista, usijifanye unatafuta leso. Baba yake hana dini na ni mtu mwema, na Kitinda, mama yake, atajua wakati. Msimulieni huyo mtoto habari za Mungu kama mnavyomsimulia habari za mtu mnayempenda, kisha mwacheni aulize. Mimi nilianza na amri. Mngenisikia nikisema nampenda Mungu, labda... Sikuwahi kulisema. Nampenda. Nilimwonea aibu, kama nilivyowaonea aibu ninyi.

Nimechoka. Sogeeni niwabariki, sauti inakatika.

Ee Mungu, hawa ni wa kwako kabla ya kuwa wangu. Wape riziki. Wape usingizi. Wasigombanie chochote cha kwangu... Mkono haupandi. Huu mkono. Profesa, uinue wewe, fundi ni wewe sasa. Taratibu. Uweke kwa Sista kichwani. Eeh. Sasa kwa Kitinda... mbona unalia, mama? Basi, basi.

Na wewe, baba. Ukitaka. Inama kidogo nikufikie... Usipotaka, hakuna neno. Mungu ataelewa, na mimi... mimi sasa naelewa. Endelea tu kuushika. Hivyo hivyo. Una kiganja cha joto, mwanangu, sikujua. Usiuachie bado.